Makucha ya Lori la Mali Kwisha

Nyie vijana wa karakana, mmenitumia watu zaidi ya mara moja mkiuliza kama mnunue vyuma vya lori la mnada linalopita Kibaoni. Kila mara nimejibu, "Mtajua wenyewe," nikaenda zangu. Mkadhani ni kiburi. Sina kiburi mimi, kiliniisha zamani. Tatizo ni kwamba jibu lenyewe ni refu, na kila nikitaka kulianza mkono huu wa kushoto unaingia mfukoni wenyewe. Mmeuona. Umebaki na kidole gumba na kidole kinachofuata, basi. Mnadhani nauficha kwa sababu ni mbaya kuutazama. Nauficha kwa sababu ya namna ulivyopatikana.

Nimesoma darasa la pili tu pale misheni, kwa hiyo msinitafutie makosa. Nitaandika kama ninavyosema. Majina nitayataja pia. Wenyewe wengine wamekufa, na mmoja bado anakaa benchi la mbele kanisani, anaimba kuliko kwaya.

Mimi nilikuwa mpasua mbao, miaka ile kabla ya Uhuru. Mgodi wa Mpanda ulikuwa unakula mbao kama moto, na sisi tulikuwa kambini porini, upande huu wa Kibaoni, tunapasua mninga. Mashine hatukuwa nayo. Tulichimba shimo refu kupita mtu, tukalaza juu yake miti miwili minene ya kukingama, halafu tukasukumia gogo juu ya miti hiyo. Mmoja anapanda juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, msumeno mrefu unapita kati yao. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anavuta na kula unga wa mbao. Mimi nilikuwa wa chini. Wa juu alikuwa Mgalula, Mkonongo mwenye kifua kama debe na mdomo usiojua kupumzika. Alikuwa anasema shimoni ndiko nilikozaliwa.

Sasa, gogo la mninga halitulii lenyewe. Lilishikwa na vyuma vilivyopinda vyenye ncha mbili. Ncha moja unaigongomea kwenye gogo, nyingine kwenye mti wa kukingama. Tuliviita makucha. Kucha likiachia, gogo linabiringika, na aliye shimoni hana pa kukimbilia. Shikeni hilo kwanza, maana mengine yote yanatoka hapo.

Makucha yetu yalifuliwa na Mzee Nsokolo, mhunzi wa Kifipa aliyekuwa na kibanda chake pembeni ya soko la Kibaoni. Aliyafua kwa springi za malori yaliyokufa. Mtu mfupi, macho mekundu ya moshi, hana haraka na mtu. Na alikuwa na sharti moja lililotuudhi sana sisi watu wa mshahara. Ukimpelekea kazi, unavukuta moto wewe. Anakukalisha chini kwenye vumbi, mbele yako mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, huu mkono wa kulia, huu wa kushoto, unapandisha huu unashusha huu, mpaka jasho linatiririka na majivu yanakubadilisha uso. Na huku unavukuta, yeye anauliza. "Kile cha kwanza kilivunjikaje?" Ukisema, "Kilivunjika tu," anaacha kazi anakutazama. "Hakuna cha kuvunjika tu. Ulikipiga vipi? Mti gani? Ulikuwa umekasirika?" Lazima ueleze yote, hata upumbavu wako, na wanawake wanaokwenda sokoni na vikapu vya mchele wanasikiliza.

Leo najua kwa nini aliuliza. Kila jibu alilitia kwenye chuma. Ukimwambia unapiga ukiwa upande wa mteremko, anaongeza unene kwenye kona. Ukimwambia una haraka, anakilegeza kidogo ili kipinde, kisikatike. Wakati ule niliona ananidhalilisha tu. Nilikuwa na kofia ya kununua Tabora. Nikavukute nayo?

Siku moja ya soko lori likaja. Lilikuwa na santuri ya kuzungusha kwa mkono na tarumbeta lake kubwa kama ua la boga, linaimba mpaka kuku wakakimbia. Juu ya lori kasimama Shabani Mrisho, ambaye watu wote tulimwita Mali Kwisha kwa sababu ya kilio chake. "Mali kwisha! Mali kwisha! Leo bei imelala, kesho inaamka! Aliyechelewa asinilaumu, amlaumu mke wake aliyemchelewesha na uji!" Watu wanacheka, mikono inaingia mifukoni. Ndivyo inavyokuwa. Ukishacheka na muuzaji, umeshanunua nusu.

Alikuwa na mashoka, ndoo, majembe, mitaimbo na makucha. Makucha meusi yanayong'aa kama viatu vya padri. Akachukua moja, akalipiga kwenye kipande cha reli, ko, ko, ko, cheche zikaruka, kucha halikupata hata mkwaruzo. Miaka mingi baadaye utingo wake alinieleza kwamba lile la kupigia halikuwa la kuuza. Lilikaa kwenye sanduku lake peke yake, limefungwa kitambaa, wanatembea nalo nchi nzima.

Wa pili wa kulaumiwa ni Fabiano, nyapara wetu. Yeye ndiye aliyetukusanya. "Nimechoka na watu wanaopoteza kutwa nzima kwa mhunzi," akasema. "Nunueni hapa, mrudi kazini." Alisema hivyo akiwa amevaa koti la mvua jipya, kiangazi, jua la kupasua kichwa. Hatukujiuliza kalitoa wapi. Lori lilikuwa na mengine kama lile, yananing'inia.

Mali Kwisha akatoa neno la mwisho. "Mwenye chuma kikuukuu akilete! Napokea, napunguza bei!"

Mgalula akaniangalia. Tukayatoa makucha ya Nsokolo kwenye gunia, tukayatupa juu ya lori. Yalianguka kwa mlio mzuri, nausikia mpaka leo. Nsokolo alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, anatazama kazi yake inarundikwa na masufuria yaliyotoboka.

Mgalula alikuwa na utani na Wafipa, mnajua mambo ya watani. Akachuchumaa mbele ya watu wote akaanza kuvukuta hewa, huu juu huu chini, amevimbisha mashavu, amekunja sura kama mtu mwenye haja kubwa. Soko zima likapasuka. Utani una ruhusa yake, hilo sawa. Lakini mimi sikuwa mtani wake. Mimi Mpimbwe, yule mzee alinijua tangu natambaa. Na mimi ndiye niliyesema, kwa sauti, nimeshika kiuno, "Basi mzee, kuanzia leo utavukuta mwenyewe!"

Nilipigiwa makofi. Mali Kwisha mwenyewe alinipigia.

Nsokolo hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinitazama tu akasema, "Haya mwanangu. Vikikushinda hivyo, njia unaijua." Akarudi kibandani kwake.

Sasa nyie mnataka kujua kama vyote vilikuwa vibovu. Hapana, na msimwamini anayewaambia hivyo. Ndoo niliyonunua siku ile ilidumu kuliko ndoa ya Fabiano. Nyundo ndogo ya misumari ninayo mpaka leo, nimeibadilisha mpini tu. Kitu ambacho kikivunjika unasonya na kuendelea na safari yako, nunueni popote penye bei nzuri. Kitu ambacho kikivunjika mtu anaumia, hicho kichunguzeni kabla mkono haujaingia mfukoni.

Namna ya kuchunguza ni hivi. Kifunge kwa uzi, kining'inize, kigonge. Chuma kilichofuliwa kinaimba na kuendelea kuimba. Kilichomiminwa kwenye kalibu kama uji kinasema ko, kinanyamaza. Halafu piga tupa mahali pa kificho. Kizuri kinatoa vichembe vinavyong'aa, kinachokatika ovyo kinatoa vumbi jeusi linalopaka vidole. Na rangi ikizidi unene, ikwangue. Hakuna anayepaka rangi nene bila sababu. Muuzaji akikuzuia kukwangua, mshukuru, amekujibu. Haya yote nilifundishwa na Nsokolo, lakini baadaye.

Makucha ya Mali Kwisha yalifanya kazi vizuri mwanzoni. Ndiyo ubaya wake. Yangevunjika siku ya kwanza tungecheka, tukalaani, tukarudi. Yalishika, yaling'aa, na Mgalula kila jioni aliuliza, "Kapaya, mtu wako wa mivukuto anakula nini siku hizi?" Tunacheka.

Halafu asubuhi moja, nagongomea kucha la upande wa kichwa cha gogo, nikasikia mlio umebadilika. Nikainama. Palikuwa na ufa kwenye kona, mwembamba kama unywele, umezunguka nusu.

"Mgalula, shuka uone."

Akashuka, akapitisha ukucha juu yake. "Ni rangi imechanika."

"Rangi hainasi ukucha."

Akakaa juu ya gogo. Kisha akasema, "Haya, nenda Kibaoni. Njia unaijua."

"Niende mimi? Aliyechuchumaa sokoni ni nani?"

"Mimi ni mtani wake, yangu yameisha pale pale. Wewe ndiye uliyemwambia avukute mwenyewe."

"Basi twende wote."

"Tukakae wote kwenye vumbi? Siku ya soko? Mama Agnesi anauza mchele hatua chache kutoka pale, Kapaya. Mke wangu anione?"

Nikatazama kofia yangu. Sikubisha. Ukweli wenyewe, nilifurahi kwamba hakutaka, maana mimi sikutaka kuliko yeye. Tukajiona ndani ya kile kibanda, tunaulizwa kile cha kwanza kilivunjikaje, na cha kwanza ni kile tulichokitupa kwenye lori kikiwa kizima.

Tukakata magome ya miombo, tukasokota kamba, tukaizungushia kwenye lile kucha na gogo. "Imara kuliko mhunzi," Mgalula akasema, lakini hakucheka. Tuliwaficha wenzetu. Fabiano alipopita tulisimama mbele ya kamba.

Tuliifunga kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa imelegea. Kucha lenyewe hatukulitazama tena. Mtu akiona aibu na kitu hakitazami, na hapo ndipo kinapopata nafasi.

Ilikuwa karibu na saa ya kula. Nilisikia mlio kama fimbo kavu inavunjika, nikaona mwanga umepotea. Gogo lilizunguka upande mmoja, kucha la upande wa mkia nalo likakatika, kichwa cha gogo kikaingia shimoni, na Mgalula akaja nacho. Nilipofungua macho, mkono wangu wa kushoto ulikuwa kati ya gogo na ukuta wa shimo, siuoni. Mgalula alikuwa amelala karibu na miguu yangu, gogo limemkalia kifuani. Unga wa mbao umempaka uso mweupe.

"Kapaya," akaniita. Sauti ndogo.

"Nipo."

"Wamwite mtu yeyote. Yule mzee wasimwite."

Nataka mlielewe hilo. Mtu gogo liko kifuani, na bado anaona aibu. Na mimi, na mkono wangu pale ulipo, nilimjibu, "Hawatamwita." Kwa sababu hata mimi sikutaka aje.

Wenzetu walifika wakipiga kelele. Wakaleta mtaimbo, ule wa Mali Kwisha, wakauchomeka chini ya gogo, wakaulalia wote. Mtaimbo ukapinda kama ndizi iliyoiva. Mtu akacheka, sikuwahi kujua nani, cheko la hofu. Wakaunyoosha kwa mawe, wakachomeka tena, ukapinda tena. Fabiano alikuwa anazunguka shimo na koti lake la mvua, anasema, "Nani aliwaambia mfunge kamba? Nani aliwaambia?"

Mpishi wa kambi ndiye aliyetumia akili. Hakuuliza mtu, alichukua baiskeli akaenda Kibaoni.

Muda niliokaa pale siwezi kuueleza. Mgalula aliacha kusema, akawa anapumua kwa kukwaruza. Kisha nikaona miguu mifupi yenye majivu inashuka shimoni. Nsokolo. Nilifumba macho, na nyie mkidhani ni maumivu mnakosea.

Alikuwa na mtaimbo wake mweusi usio na rangi. "Wewe leta kabari," akamwambia mmoja. "Kila nikiinua kidogo, ingiza. Usisubiri nikuambie." Akaulalia yeye na mtu mmoja tu. Mtaimbo ule haukupinda. Gogo likapanda kidogo, kabari ikaingia, likapanda tena. Kazi ya kimya kabisa. Kama angetukana ningepumzika.

Tulipakiwa juu ya lori la mbao kwenda hospitali Mpanda. Mgalula alikata roho kabla hatujafika Sitalike, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Neno lake la mwisho nilishawaambia, lilikuwa lile la shimoni.

Bosi alipouliza, Fabiano alisema tulikuwa tumelewa. Aliandika hivyo, na sisi wote wawili tulikuwa hatunywi kazini. Nilipotoka hospitali nilimwuliza mbele ya watu, akasema, "Kapaya, mshukuru Mungu uko hai." Ndiye huyo wa benchi la mbele. Mali Kwisha hakurudi tena Kibaoni, nasikia alihamia njia ya Tabora na santuri yake. Nimewalaumu hao wawili miaka yote hii, na nitawalaumu mpaka nizikwe. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyetuzuia kwenda kwa Nsokolo siku tulipoona ufa. Pale tulikuwa wawili tu, na mmoja ndiye huyu anayewaandikia.

Mazishi sikuyaona, nilikuwa bado wodini. Niliambiwa watu walisubiri Nsokolo afanye utani wa msibani. Mtani ana ruhusa kaburini, mnajua, angeweza kuchuchumaa akamvukutia marehemu kama alivyovukutiwa, na hakuna ambaye angemkataza. Alichukua jembe akafukia na wengine, akaenda nyumbani.

Mimi nilikaa tu nyumbani. Sokoni sikupita. Nilizunguka kwa mashambani, kwenye majaruba ya mpunga, miguu inazama tope, ili nisipite mbele ya kile kibanda. Mvua za kwanza zikaanguka. Ndipo Mama Agnesi, mjane wa Mgalula, akaja nyumbani na jembe limekatika shingo. Nililijua. Mgalula alilinunua siku ile ile, kwenye lori lile lile.

"Shemeji, lipeleke kwa Nsokolo," akasema.

"Mtume kijana."

"Nimtume kijana wa nani? Mlicheka na nani? Mimi nilikuwepo nauza mchele, niliwaona. Mwenzako hawezi kwenda. Nenda wewe. Mvua haitanisubiri."

Akaliweka chini miguuni pangu, akaondoka.

Nilikwenda siku ya soko. Ningeweza kuchagua siku nyingine, lakini jembe lilitakiwa siku hiyo. Nilisimama mlangoni, mkono mfukoni. Nsokolo hakuinuka. Alilitazama jembe, akaligeuza, akaligonga kwa kidole, ko, likanyamaza. Akalitupa pembeni, akachagua kipande cha springi, akakiingiza kwenye makaa. Kisha akanionyesha mahali pa kukaa, kama anavyomwonyesha kila mtu.

"Baba," nikasema, "nina mkono mmoja unaoshika."

"Naona."

Nikakaa kwenye vumbi. Nikashika mvukuto wa kulia, nikauvuta. Moto ulipumua upande mmoja tu, ukataka kufa. Wanawake walikuwa wamesimama na vikapu vyao, na Mama Agnesi yuko kati yao. Hakuna aliyecheka.

Nsokolo akaweka nyundo chini. Akaja akakaa kando yangu, bega kwa bega, akashika mvukuto wa kushoto. Nikipandisha, anashusha. Nikishusha, anapandisha. Niliyemwambia mbele ya soko zima kwamba atavukuta mwenyewe, sasa anavukuta, na anavukutia mkono wangu usioshika tena. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

"Kile cha kwanza," akasema, bila kunitazama, "kilivunjikaje?"

Nilijua haulizii jembe. Nikaanza kueleza. Ufa, unywele, kamba za magome, tulivyosimama mbele yake Fabiano asione, kofia yangu, maneno ya Mgalula shimoni, yote, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye vikapu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomalizia pale Sitalike, chuma kilikuwa kimeshaiva, chekundu kama kiini cha yai.

Akainuka, akachukua koleo na nyundo.

"Sogeza huo mkono, mwanangu," akasema. "Huo ulionao usije ukaungua."